Kujenga fremu ya baiskeli ya chuma yenye viungio kwa safari ndefu: mwongozo kwa mafundi wa Lubumbashi

Ukikwangua rangi ya baiskeli ya muuza makaa anayeingia Lubumbashi alfajiri, pale mabomba yanapokutana chini ya usukani, utaona kwamba hakuna bomba lililochomelewa moja kwa moja juu ya jingine. Kila ncha imeingizwa ndani ya kipande kifupi cha chuma kilichotengenezwa mahsusi kuipokea, kisha vyote viwili vikashikamanishwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Kipande hicho ndicho kiungio. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujenga fremu kwa njia hiyohiyo, ila kwa mabomba mepesi zaidi, kwa vipimo vya mpandaji mmoja, na kwa kazi moja: kumfikisha mtu na mizigo yake Likasi, kilomita zipatazo 120, au Kolwezi, kilomita zipatazo 300, bila mgongo kumuuma na bila usukani kumyumbisha. Unamlenga fundi ambaye tayari amezoea tupa, msumeno wa chuma na mwali wa gesi.

Njia hii ina asili ya zamani. Alfred Reynolds wa Uingereza alipata hataza ya mabomba yenye kuta nene kwenye ncha na nyembamba katikati mwaka 1897, na kampuni yake ikatoa aina iliyosifika kuliko zote, Reynolds 531, mwaka 1935. Wafaransa ndio walioifikisha fremu ya safari ndefu kwenye ubora wake, kwa sababu walikuwa na mahali pa kuijaribu: Paris–Brest–Paris, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200 ulioanza mwaka 1891 na ambao hadi leo mpandaji hupewa saa 90 kuumaliza. Mafundi kama René Herse na Alex Singer walijenga baiskeli zilizobeba mfuko mbele na kudumu miongo mingi. Nawataja kwa sababu maamuzi yao kuhusu uma wa mbele yatatusaidia hapo chini.

Kwa nini viungio, wakati kila mtaa una mtu wa kuchomelea? Chuma cha bomba jepesi kina unene wa milimita 0.8 kwenye ncha na pengine 0.5 katikati. Mwali wa umeme huyeyusha bomba lenyewe, kwenye nyuzijoto zinazokaribia 1,500, na mkono usio na uzoefu mkubwa huacha ukuta ulioliwa, ambao utapasuka baada ya miezi kadhaa ya mitikisiko. Kulehemu ndani ya kiungio hakuyeyushi bomba: fedha ya kulehemu hutiririka kwenye nyuzijoto 650 hivi, na shaba ya manjano karibu na 900. Faida nyingine inaihusu Lubumbashi zaidi kuliko Paris: kazi ya gesi haisimami umeme ukikatika, na kilichounganishwa kwa joto hilo kinaweza kufunguliwa tena kwa joto hilo.

Vipimo kwanza

Usinunue hata bomba moja kabla ya kuchora. Mpime mpandaji akiwa bila viatu, mgongo ukutani, kitabu kigumu kikiwa kimebanwa katikati ya mapaja hadi kugusa mfupa, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883 upate urefu wa kuanzia kati ya ekseli ya pedali na juu ya kiti. Kwa mtu mwenye sentimita 82, jibu ni sentimita 72 na nusu hivi. Urefu wa bomba la kiti, kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi katikati ya bomba la juu, hukaribia kipimo hichohicho mara 0.66, yaani sentimita 54 kwa mtu huyo. Hesabu hizi ni za kuanzia tu. Kama mpandaji tayari ana baiskeli anayoikalia kwa raha saa nzima, pima nafasi ya kiti na usukani wake na uiamini kuliko fomula yoyote.

Uamuzi wa magurudumu huja kabla ya pembe, na hapa nashauri soko liamue. Tairi za milimita 559, yaani za baiskeli za milimani zinazoandikwa inchi 26, hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko saizi za kifahari zinazopendwa Ulaya, na rimu zake fupi ni ngumu kupinda. Soma namba ndogo iliyochongwa pembeni mwa tairi, si ile kubwa: inchi 26 yaweza kuwa 559 au 590, na inchi 28 yaweza kuwa 622 au 635, na hakuna hata mbili kati ya hizo zinazoingiliana. Acha nafasi ya tairi ya milimita 50 pamoja na madigadi, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi hugeuka kuwa matope mazito kuanzia Novemba.

Pembe ya bomba la usukani iwe digrii 72, ya bomba la kiti digrii 72 na nusu. Mabomba ya chini ya nyuma, kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya gurudumu, yawe na milimita 450, ili kisigino kisigonge mifuko ya mizigo. Ekseli ya pedali ikae milimita 55 chini ya mstari wa ekseli za magurudumu; kwa tairi tuliyochagua, itakuwa takriban milimita 272 kutoka ardhini.

Sasa uma. Tabia ya usukani hutegemea umbali kati ya mahali tairi inapogusa ardhi na mahali mstari wa bomba la usukani, ukirefushwa, unapoikuta ardhi. Umbali huo hupatikana hivi: nusu kipenyo cha gurudumu mara kosaini ya pembe, toa mkunjo wa uma (yaani umbali ambao ekseli ya mbele imesogea mbele ya mstari wa bomba la usukani), kisha gawanya kwa saini ya pembe. Kwa nusu kipenyo cha milimita 327, pembe ya digrii 72 na mkunjo wa milimita 50, jibu ni milimita 54 hivi, na baiskeli itatulia ikiwa mizigo mingi iko nyuma. Ukitaka kubeba mbele, kama walivyopenda Wafaransa, ongeza mkunjo hadi 60. Umbali unashuka hadi 43, na mzigo wa mbele hautavuta usukani kila unapokata kona. Amua mizigo itakaa wapi kabla ya kukunja chochote.

Chora yote haya kwa ukubwa kamili juu ya ubao laini uliopakwa rangi nyeupe. Mchoro huo utakuwa hakimu wako: kila bomba litalazwa juu yake kabla na baada ya moto.

Mabomba na viungio

Ugumu wa chuma dhidi ya kupinda ni uleule karibu kwa aina zote za feleji, ziwe za bei kubwa au ndogo. Kinachobadilika ni nguvu yake kabla ya kuvunjika, ambayo ndiyo inayoruhusu ukuta kuwa mwembamba. Ugumu wa fremu unatokana na kipenyo na unene. Bomba la milimita 31.8 ni gumu zaidi ya lile la 28.6 kwa zaidi ya theluthi, unene ukiwa sawa. Kwa mpandaji mwenye mizigo chukua seti ya vipenyo vikubwa: bomba la juu 28.6, la chini 31.8, la kiti 28.6, na shina la uma (sehemu yake inayopanda ndani ya bomba la usukani) 28.6, zote za feleji yenye kromu na molibdeni, unene wa 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Lebo ya kampuni inaongeza uzuri. Nguvu ya fremu haiongezi.

Bomba la samani lililoko sokoni, lenye unene wa milimita 1.5, linavutia kwa bei, lakini mita moja ya kipenyo cha 28.6 ina uzito wa kilo moja kamili, wakati bomba la feleji la milimita 0.8 lina gramu 550 hivi. Litumie kujifunzia. Bomba lililopakwa zinki usilitumie hata kwa mazoezi, kwa sababu ya moshi wake.

Viungio vinavyohitajika ni viwili vya bomba la usukani, kimoja cha kiti, na nyumba ya ekseli ya pedali yenye upana wa milimita 68. Kwa uma kuna taji, yaani kiungio kinachounganisha shina na miguu yake miwili, na kwa ncha za nyuma na mbele kuna vishikio vya ekseli. Viungio vya kumiminwa kwa kalibu huja na pembe iliyokwisha kuamuliwa, na havikubali kupindishwa zaidi ya digrii moja hivi. Kama mchoro wako haulingani navyo, badilisha mchoro. Vile vya bamba lililokandamizwa vinakubali zaidi, lakini vinadai saa nyingi za tupa. Kuvitoa viungio kwenye fremu ya zamani kwa moto ni zoezi zuri sana la mkono, kwani hukufundisha ni joto kiasi gani shaba inahitaji ili iachie; ila fremu ya kuuzwa ijengwe kwa viungio vipya.

Tupa ndiyo inayojenga fremu

Ncha ya bomba lazima ichongwe ili ikumbatie bomba jingine bila mwanya. Kiungio kitaficha ncha hiyo milele, na hapo ndipo penye kishawishi: fundi mvivu hukata ncha wima, akaisukuma ndani, na kwa macho kazi inapendeza. Lakini mzigo ambao ungepita kutoka bomba hadi bomba sasa unabebwa na ukingo wa kiungio peke yake, na baada ya maelfu ya mashimo ya barabara bomba hupasuka kwenye ukingo huohuo. Ningependa kununua fremu ya rangi mbaya yenye ncha zilizochongwa vizuri kuliko kinyume chake.

Kwanza tambua ncha nene inaishia wapi, ili usiikate yote upande mmoja; mtengenezaji hutoa vipimo hivyo. Kisha chora mstari wa katikati kutoka ncha hadi ncha. Njia nyepesi ni kulaza kipande cha chuma cha pembe juu ya bomba: kingo zake mbili zitajiweka sambamba na bomba zenyewe, nawe utapitisha sindano ya kuchorea pembeni mwake. Bila mstari huo, ncha mbili za bomba moja zitatazama pande tofauti, na fremu itazaliwa imepindika.

Kata sehemu kubwa kwa msumeno, ukiacha milimita mbili, kisha endelea na tupa ya nusu duara yenye mviringo ulio karibu na ule wa bomba litakalokumbatiwa. Jaribu mara kwa mara dhidi ya kipande cha bomba la kipenyo hicho, ukishikilia vyote mbele ya dirisha. Mwanga ukipita, bado. Mwanya unaokubalika ni ule usioruhusu karatasi ya kuandikia kupenya. Bomba linaposhikwa kwenye jiliwa, lizungushie vipande viwili vya mbao vilivyotobolewa kwa kipenyo chake, maana meno ya jiliwa huliponda bila huruma.

Ndani ya kiungio, nafasi kati ya chuma na chuma iwe karibu milimita 0.1 kuzunguka pande zote ukitumia fedha. Bomba liingie kwa kusukumwa na mkono, lisilegee wala lisihitaji nyundo. Punguza ukingo wa kiungio hadi uwe mwembamba kama milimita moja, ili ugumu usibadilike ghafla mahali pamoja. Toboa matundu ya kupumulia ya milimita tatu au nne kwenye bomba la usukani na mahali pengine popote ambapo hewa ingefungiwa, kwa kuwa hewa moto iliyofungwa husukuma fedha nje na kuacha vitundu.

Safisha kwa msasa, ndani na nje, hadi chuma king'ae, kisha pangusa kwa asetoni. Kuanzia hapo usiguse kwa vidole vitupu. Jasho linatosha kuizuia fedha kushika.

Gesi, fedha na shaba

Fanya kazi hii nje au mahali penye upepo unaopita. Kataa kabisa fito za fedha zenye kadimi, hata zikiwa rahisi kuyeyuka na nafuu kwa bei, kwa sababu moshi wake unaua. Shaba ya manjano ni shaba na zinki, madini yaleyale yanayopatikana Kipushi, na ukiipasha kupita kiasi zinki hugeuka moshi mweupe unaoleta homa jioni. Dawa ya kulehemu fedha ina floridi, hivyo vaa glavu. Vali ya oksijeni isiguswe na mafuta wala grisi, hata tone moja. Chupa ya asetilini isimame wima, na shinikizo lake kwenye mpira lisifike baa moja.

Tumia fedha, aina yenye asilimia 56 au 45, kwenye viungio vya mabomba membamba. Shaba ya manjano iende kwenye vishikio vya ekseli na taji la uma, ambako chuma ni kinene na mianya ni mikubwa. Mgawanyo huu unapunguza gharama bila kupunguza nguvu.

Paka dawa pande zote mbili, unganisha, kisha tengeneza mwali laini, wenye koni ya ndani isiyochongoka sana na asetilini iliyozidi kidogo tu. Anza mbali, ukizunguka kiungio chote, ili joto liingie sawia. Elekeza moto zaidi kwenye kiungio, ambacho ni kinene, kuliko kwenye bomba. Dawa itachemka na kuwa nyeupe, itatulia, kisha itakuwa angavu kama maji. Chuma nacho kitaanza kuonyesha wekundu hafifu sana, unaoonekana vizuri zaidi kivulini kuliko kwenye jua la saa sita. Gusisha ufito. Ukiyeyuka kwa kugusa chuma, si kwa kugusa mwali, joto limefika.

Fedha hufuata joto. Ilishe upande mmoja wa kiungio, kisha peleka mwali upande wa pili, nayo itavutwa kwenye ule mwanya mwembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Utaiona ikijitokeza kwenye ukingo wa mbali: mstari mwembamba, mweupe, wenye kung'aa, unaokimbia kando ya ukingo hadi kwenye ncha yake ya mapambo. Mstari huo ukitokea kuzunguka kote ndipo unapojua kwamba ndani kumejaa. Kulisha ukingo wote kwa nje kunapendeza zaidi, lakini kunaweza kuacha pango katikati usilolijua. Dawa ikiwa nyeusi, umeichoma. Simama, acha ipoe, safisha, uanze upya. Kamwe usimwagie maji chuma kilicho chekundu, kwani feleji hii hugeuka ngumu na kupasuka.

Mpangilio wa kuunganisha

Anza na bomba la kiti ndani ya nyumba ya ekseli ya pedali, kwa kuwa kila kipimo kingine kitatoka hapo. Likiwa limepoa, lihakiki juu ya bamba nene lililosawazishwa. Karakana za mjini zinazokereza vipuri vya migodi zina mabamba ya aina hiyo, na mwenye heshima hatanyimwa nusu saa. Kisha funga bomba la chini, la usukani na la juu kwa misumari midogo iliyopenyezwa kwenye matundu ya milimita mbili, laza kila kitu juu ya mchoro, uanze kulehemu: chini kwanza, halafu viungio viwili vya usukani, mwisho kiti. Fuata mabomba ya chini ya nyuma, yenye nafasi ya milimita 135 kati ya vishikio kwa habu za kawaida za inchi 26, halafu yale ya juu.

Uma uwe kazi ya peke yake, siku ambayo huna haraka. Mahali shina linapoingia kwenye taji ndipo pa hatari kuliko pote kwenye baiskeli, kwa sababu pakiachia hakuna onyo. Lisha shaba kutoka juu, na ukubali kazi imekamilika pale tu itakapojitokeza chini ya taji kuzunguka shina lote.

Kila baada ya kiungio, pima. Funga uzi kwenye kishikio cha kushoto cha nyuma, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudishe kwenye kishikio cha kulia, ukaze. Umbali kati ya uzi na bomba la kiti uwe sawa pande zote mbili, tofauti isizidi milimita moja. Kisha weka gurudumu la nyuma lililonyooshwa vizuri, ligeuze kushoto kulia, na uangalie kama linakaa mahali palepale. Makosa madogo hurekebishwa kwa kupinda ukiwa na chuma baridi. Makubwa hurudi kwenye moto.

Kumalizia

Loweka viungio kwenye maji moto hadi dawa iyeyuke yote, kwa kuwa mabaki yake hula chuma chini ya rangi. Pitisha tepu (chombo cha kukatia hesi) kwenye hesi za nyumba ya ekseli ya pedali, ukikumbuka kwamba upande wa mnyororo hesi yake ni ya kushoto. Panua bomba la kiti hadi nguzo ya kiti iingie bila kukwaruza. Toboa tundu dogo chini ya nyumba ya ekseli, maji ya masika yatoke. Ndani ya mabomba mimina mafuta ya kitani, zungusha fremu, uache yakauke. Rangi ya msingi na rangi ya juu anaweza kuipiga mpiga rangi yeyote wa magari, mradi umwambie aache hesi na nyuso zinazokaliwa na vikombe vya beringi bila rangi.

Safari ya kwanza iwe tupu, hadi Kipushi na kurudi. Ya pili iwe na mizigo yote, kwenye barabara ya Likasi, ambako malori ya migodi hukulazimisha kutoka kwenye lami bila kutarajia. Kila unaporudi, osha fremu na uangalie kingo za viungio kwa tochi, hasa chini ya bomba la usukani: ufa wa nywele kwenye rangi wenye kutu ndani yake una maana bomba linapasuka. Hapo usichomelee kiraka. Kata bomba katikati, pasha kiungio joto taratibu hadi fedha ilainike, vuta kipande kwa koleo, safisha ndani kwa msasa, kisha chonga bomba jipya kwa mchoro uleule uliouweka ukutani.